Usiniambie Rangi Yake

Ukimwuliza mtu aliyepishana na nyoka njiani, jambo la kwanza atakalokwambia ni rangi. Alikuwa mweusi. Alikuwa wa kijani. Halafu ataongeza urefu, na urefu huo utazidi kila hadithi inaposimuliwa upya. Kichwa kilikuwa na umbo gani, hajui. Kama nyoka alikuwa juu ya tawi au chini kwenye majani makavu, hakumbuki vizuri. Basi wenzake watakata shauri palepale kwamba yule alikuwa koboko, maana vijijini kwetu kila nyoka mrefu wa rangi nzito ni koboko mpaka atokee wa kubisha.

Koboko mwenyewe si mweusi. Mgongo wake ni wa kijivu, au wa kahawia inayoelekea zeituni, na tumbo lake ni jeupe lililofifia. Weusi wake uko ndani ya kinywa, na kinywa hicho hukipanua anapoona amebanwa. Ukifika mahali pa kuuona weusi huo, umesogea kupita kiasi.

Makala haya ni ya yeyote anayeishi shamba, au anayekwenda likizo kwa bibi, au mwalimu anayetaka kuwatoa wanafunzi nje ya darasa, na ana hamu ya kujua viumbe wadogo wanaomzunguka ni akina nani. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: rangi iulizwe mwisho. Tangulia kuangalia mahali ulipomkuta na saa uliyomkuta, kisha mkao na mwendo wake, kisha umbo, kisha zile alama ndogo asizoweza kuzibadilisha. Ukishapata hayo, rangi nayo itoe ushahidi wake. Nitaanza na wadudu, kwa sababu kukosea kiwavi hugharimu mahindi, ilhali kukosea nyoka kunaweza kugharimu mguu.

Mwaka 2016 kiwavi mgeni kutoka bara la Amerika aliripotiwa Afrika Magharibi, na mwaka uliofuata alikuwa tayari yumo katika mashamba ya mahindi ya Kenya na Tanzania. Akaitwa kiwavijeshi vamizi. Shida ya kumtambua ni kwamba hana rangi moja. Kwenye mhindi mmoja utamkuta wa kijani, kwenye wa pili wa kahawia, kwenye wa tatu karibu mweusi, na mkulima anayefuata rangi ataapa kwamba shamba lake limeingiliwa na aina tatu. Ila alama zake mbili zipo palepale. Usoni ana mistari iliyokutana ikafanya herufi Y iliyogeuzwa juu chini. Karibu na mwisho wa mwili, kwenye pingili ya pili kutoka nyuma, ana madoa manne meusi yaliyokaa kwenye pembe za mraba. Y peke yake isikutoshe, kwa kuwa viwavi wengine wa ukoo wake wana mstari unaofanana nayo. Tafuta vyote viwili, na ukiweza tumia lenzi ya kukuzia au kamera ya simu iliyosogezwa karibu.

Hata kabla ya kumshika, mahali alipo pamekwisha kusema. Kiwavijeshi vamizi mkubwa hujificha ndani kabisa ya kitovu cha mhindi, pale majani mapya yanapochipukia, na juu yake huacha kinyesi kingi kilicholowa kinachofanana na unga wa mbao. Funza wa mabua naye huanzia humo humo akiwa mdogo, lakini jani likikunjuka utaona safu ya vitundu vidogo vilivyopangana, na baadaye tundu kwenye bua ambamo ameingia. Yule kiwavijeshi wetu wa zamani hana siri: huja kwa makundi, hula majani ya nyasi na nafaka mchana kweupe, na akimaliza huhama na wenzake. Tofauti hizi si za kujifurahisha tu. Dawa inayopuliziwa juu ya majani saa sita mchana itapita juu ya kichwa cha yule aliyejificha kitovuni, na mkulima atasema dawa ni feki. Mtafute asubuhi mapema au jioni, anapotoka kula.

Watu wa Bukoba hawahitaji somo langu. Wakimwaga senene kwenye sinia, utaona wa kijani, wa kahawia na wenye kupakwa zambarau, na hakuna mtoto pale atakayesema hao ni wadudu watatu tofauti. Wanawajua kwa umbo, kwa msimu na kwa namna wanavyoijia taa usiku. Anayetoka mbali na hajawahi kuwaona aangalie vipapasio. Vya senene ni vyembamba na virefu kupita mwili wenyewe. Vya nzige na panzi wa kawaida ni vifupi na vinene. Alama hiyo moja inakata kesi nyingi, na inafanya kazi hata kwa mdudu aliyekaangwa, ilimradi vipapasio havijaondolewa pamoja na mabawa.

Nzige wa jangwani, walipovamia kaskazini mwa Kenya mwanzoni mwa mwaka 2020, walikuja wakiwa na rangi ya waridi. Baadaye wakaonekana wa manjano, na baadhi ya watu wakadhani ni kundi jingine. Walikuwa ni haohao. Waridi ni rangi ya nzige mwenye mabawa ambaye hajakomaa, na manjano ni ya aliyekomaa, tayari kutaga. Hapo rangi ina kazi, tena kazi kubwa kwa anayepanga kuwadhibiti, lakini inakueleza umri wake na si ukoo wake.

Tusiidhulumu rangi, hata hivyo. Wapo wadudu wanaovaa rangi makusudi ili waonekane, na hao inafaa kuwaamini haraka. Mfano ninaoupenda ni yule anayeitwa na Wakenya nzi wa Nairobi. Si nzi. Ni mbawakawa mwembamba wa milimita 7 hadi 10, kichwa cheusi, kifua chekundu kinachoelekea chungwa, mgongoni kipande cha buluu au kijani kinachometa, kisha tumbo jekundu tena lenye ncha nyeusi. Kile kipande kinachometa ni magamba ya mabawa, na ni mafupi mno, hata tumbo zima limebaki wazi. Anapokimbia hunyanyua ncha ya tumbo juu. Haumi wala hachomi. Sumu yake imo ndani ya mwili, na wewe ndiye unayeitoa unapomponda shingoni kwa kiganja. Huoni kitu usiku ule. Siku ya pili au ya tatu ngozi inawaka, inafanya malengelenge, mara nyingi kwa mstari, pale ulipomburuta. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilimletea Mkenya balaa la mdudu huyu kwa wingi, na kila baada ya mvua kubwa hurudi akifuata taa za nyumba.

Ukimwona mkononi, mpulize, au mwekee karatasi apande mwenyewe. Ukiwa umeshamponda, osha kwa sabuni na maji mara moja na usijiguse macho. Funika madirisha kwa wavu, zima taa isiyo na kazi. Na ukimkuta shambani mchana, mwache, kwa sababu huko anakula wadudu wadogo wanaoharibu mazao yako.

Ninasisitiza hilo la kumwacha kwa sababu kutambua mdudu mara nyingi humalizika kwa kugundua kwamba huyu ni rafiki. Majimoto, wale siafu wekundu wa mitini wanaoshona majani kwa hariri ya mabuu yao, humchosha kila mwangusha nazi. Lakini mtafiti Michael Way, aliyewachunguza Zanzibar miaka ya 1950, alionyesha kwamba mnazi wenye majimoto hulindwa dhidi ya mdudu mfyonzaji wa jamii ya kunguni anayetoboa vidaka na kuviangusha. Adui wa majimoto ni sisimizi wadogo wa kahawia wanaoishi chini, kwenye shina. Mtu anayesema tu "mnazi wangu una sisimizi" na kuupulizia dawa anaweza kuwa anamfukuza mlinzi na kumwachia mwizi nyumba. Hapa tena kinachotenganisha ni makao: kiota cha majani juu, au shimo la udongo chini.

Kwa vipepeo, rangi ni mtego kamili. Yuko mmoja mkubwa anayepatikana sehemu nyingi za Afrika Mashariki, Papilio dardanus kwa jina la kitaalamu. Dume ni wa manjano hafifu mwenye mikia nyuma ya mabawa. Majike yake katika sehemu nyingi hayana mikia, na yamejipaka rangi za vipepeo wengine wenye ladha mbaya ambao ndege wamejifunza kuwaacha. Dume na jike ukiwaweka pamoja utakataa kwamba ni mume na mke. Namna ya kutoka katika mtego huu unaweza kujifunza kwa wakulima wa Gede, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Huko kuna mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993, ambamo wakazi wa pembeni mwa msitu hufuga vipepeo na kuuza mabundo yao ng'ambo kwenye majumba ya maonyesho. Mabundo husafirishwa kabla mabawa hayajatokeza, kwa hiyo mfugaji lazima amjue kipepeo wake bila kuona rangi ya bawa hata moja. Anamjua kwa mti. Viwavi wa vipepeo wengi hula mimea michache tu, na anayejua majani ya msitu amepata nusu ya jibu. Kila unapopiga picha ya kiwavi, basi, piga na jani analokula, na kama mti una jina la kienyeji, liandike.

Watoto hufundishwa kuhesabu miguu: mdudu sita, buibui minane. Ni kanuni nzuri na niliipenda mpaka nilipojua habari za kupe. Kupe ni jamaa wa buibui, na akikomaa ana miguu minane, lakini anapoanguliwa ana sita. Wale vitone wekundu wanaopanda miguuni ukikatiza malisho huenda wakakudanganya. Kwa hiyo usihesabu miguu pekee. Mdudu kamili ana vipapasio na mwili wa sehemu tatu. Buibui hana vipapasio kabisa, na mwili wake una sehemu mbili. Kupe ni kama mfuko mmoja tu. Na kwa tandu na jongoo huna haja ya kuhesabu miguu yote. Angalia pingili moja: ikiwa na jozi moja ya miguu ni tandu, na huyo huuma vibaya, ikiwa na jozi mbili ni jongoo, ambaye silaha yake ni majimaji ya kuwasha.

Kuhusu buibui nitasema machache kuliko wanavyostahili, kwa kuwa karibu wote utakaowakuta hawana uwezo wa kukudhuru. Tandabui ni jina lao la ukoo, kwa hiyo lisome kwanza. Tandabui kubwa la mduara, lenye nyuzi zinazong'aa dhahabu juani, lililotandwa kati ya miti miwili, ni la yule buibui mkubwa mwenye miguu mirefu ambaye watu humwogopa bure. Tazama pembeni mwa tandabui hilo hilo na utaona buibui wengine wadogo sana. Si watoto wake. Ndio madume. Tandabui ovyo ovyo chini ya kiti cha plastiki, nyuma ya pipa au kwenye choo cha nje, lenye mifuko ya mayai ya mviringo iliyojaa vijichomozo, ni la buibui wa kahawia mwenye alama ya rangi ya chungwa tumboni. Huyo usimbane kwa mkono. Kuumwa naye kunauma. Shimo la mviringo ardhini lililopambwa hariri mdomoni ni la buibui mkubwa mwenye manyoya. Usichokoe kwa kidole.

Na kando ya Ziwa Victoria, kwenye kuta za nyumba, kuna buibui mdogo anayeruka ambaye ningependa kila mtu wa Mbita na vijiji vya jirani amheshimu. Evarcha culicivora huwinda mbu walioshiba damu, na kati ya mbu wote hupendelea Anofelesi, wale wa malaria. Watafiti waliomchunguza huko katika kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE waliona kwamba hata buibui mchanga humtambua Anofelesi kwa mkao wake: mbu huyo akitua huinua makalio juu, mwili ukalala mshazari, ilhali mbu wengine hutua mwili ukiwa sambamba na ukuta. Mwaka 2011 wakachapisha pia kwamba buibui huyo huvutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa. Sijui kama habari hiyo itawafaa wenye nyumba, lakini ile ya mkao itakufaa leo usiku ukutani kwako.

Nge wana kanuni yao, na ni ya umbo. Linganisha koleo na mkia. Mwenye koleo kubwa nene na mkia mwembamba hutegemea nguvu za koleo, na sumu yake kwa kawaida ni hafifu. Mwenye koleo nyembamba na mkia mnene ndiye wa kuhofiwa. Watu wengi hufanya kinyume: wanamkimbia lile jitu jeusi lenye makoleo, halafu wanamdharau mdogo wa manjano. Ukiwa na tochi ndogo ya mwanga wa urujuani, kama ile inayotumika kukagua noti, zunguka nyumba gizani. Nge hung'aa kijani chini ya mwanga huo. Ukifanya hivyo usiku mmoja hutasahau tena kukung'uta viatu asubuhi.

Sasa nyoka. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, na makadirio yake ni vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani. Wanaokufa wengi ni wakulima na watoto wa vijijini. Kwa hiyo kanuni ya kwanza haina mjadala: nyoka hutambuliwa kwa macho, kwa mbali, na asiyetambuliwa huhesabiwa kuwa ana sumu. Hakuna sababu ya elimu inayodai umshike.

Ya pili, uachane na ile imani ya kichwa cha pembetatu. Ni kweli bafe, ambaye wengine humwita kifutu au moma, ana kichwa kipana na shingo nyembamba. Lakini koboko na swila hawana kichwa hicho, na nao huua. Na kuna nyoka mla mayai, asiye na sumu, ambaye akitishwa hujikunja, hutanua kichwa na kusugua magamba yake mpaka yanatoa sauti ya kufoka, akimwigiza nyoka wa sumu. Wengi wa hao huuawa kwa uigizaji wao mzuri.

Bafe mtambue kwa tabia zaidi. Ni mfupi, mnene, mgongoni ana alama za V zinazofuatana, lakini alama hizo ndizo zinazomficha kwenye majani makavu, hivyo huenda usizione kamwe. Tabia yake ni kutulia. Wengine hukimbia wakisikia kishindo. Yeye hubaki pale pale, na ndiyo maana wanaoumwa naye wengi wamemkanyaga, miguuni, wakati wa magharibi au usiku. Tochi na viatu vya kufunika kifundo vitakukinga kuliko ujuzi wote wa majina.

Nyoka wa kijani ndio wanaonifanya nirudie wimbo wangu. Katika miembe, mikorosho na minazi ya mwambao huishi koboko wa kijani, mwenye sumu kali. Katika miti hiyo hiyo wapo nyoka wembamba wa kijani wasio na madhara, wala vyura na mijusi. Tena yupo Dispholidus typus, nyoka wa mitini ambaye dume lake mara nyingi ni la kijani na jike ni la kahawia, na sumu yake huzuia damu isigande. Rangi haitakusaidia hata kidogo. Piga picha ukiwa mbali, kisha ikuze. Koboko wa kijani ana kichwa kirefu na jicho la kiasi. Dispholidus ana kichwa kifupi butu na jicho kubwa isivyo kawaida, na magamba yake yana mifuo ya katikati. Wale wasio na madhara wana magamba laini na miili myembamba. Picha isipoonyesha haya, jibu ni "sijui", na hilo ni jibu la heshima.

Jibu la uhakika lilimshinda hata bingwa. Septemba 1957 Karl Schmidt, mmoja wa wataalamu wakubwa wa nyoka Marekani, aliletewa katika jumba la makumbusho la Chicago nyoka mchanga kutoka bustani ya wanyama ili amtambue. Alifanana na Dispholidus, lakini gamba moja karibu na mkia lilikuwa tofauti na lilivyotarajiwa, akasita. Akiwa amemshika ili amwangalie vizuri, akaumwa kidole gumba kwa jino moja. Hakwenda hospitali. Aliandika dalili zake kwa utaratibu, na kesho yake akafa.

Ikumbuke habari hiyo unaposikia kijana akijigamba kwamba ukimkamata nyoka nyuma ya kichwa hawezi kukufanya kitu. Kuna nyoka mdogo mweusi wa ardhini, wa jenasi Atractaspis, ambaye jino lake hutokeza pembeni ya kinywa kilichofumbwa, na akishikwa hivyo huchoma kidole cha aliyemshika. Hujitokeza usiku baada ya mvua, na kwa umbo hana kitisho chochote.

Swila anayetema mate hulenga macho, na anaweza kufikia mita mbili au zaidi. Huyu alidanganya hata wanasayansi, safari hii kwa namna ya kinyume: swila mkubwa wa kahawia wa pwani ya Kenya alidhaniwa kwa miaka mingi kuwa ni swila wa kawaida mwenye rangi tofauti. Mwaka 2007 ikathibitishwa kwamba ni spishi ya pekee, wakampa jina Naja ashei kwa heshima ya James Ashe, aliyeanzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken huko Watamu. Akikutemea, osha macho kwa maji mengi safi kwa dakika zisizopungua 15, usiyafikiche, usitie dawa za majani, kisha nenda hospitali.

Mtu akiumwa, kazi ya utambuzi imekwisha. Kazi ni safari. Mtulize, mvue pete na bangili kabla hajavimba, funga gango ili kiungo kisitikisike, andika saa, mbebe. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Lile jiwe jeusi la nyoka, ambalo mara nyingi ni mfupa uliochomwa, halivuti sumu, linavuta muda. Usimfukuze nyoka ili umpeleke kwa daktari, maana hata kichwa kilichokatwa huweza kuuma. Daktari atatibu kwa kufuata dalili, na dawa nyingi za kupambana na sumu zimetengenezwa kwa nyoka wa aina kadhaa kwa pamoja.

Anayetaka kujifunza nyoka bila nyoka atafute gamba alilojivua. Limepoteza rangi karibu yote, na hiyo ndiyo faida yake. Utaona ukubwa wa jicho, kwa kuwa kifuniko cha jicho hutoka pamoja na gamba, utaona kama magamba ni laini au yana mifuo, utahesabu safu zake katikati ya mwili. Usipime urefu tu, maana gamba hutanuka likivuliwa na humzidi mwenyewe.

Vifaa ni vichache: daftari, simu, chupa angavu yenye mfuniko, shuka jeupe, tochi. Tandika shuka chini ya kichaka, tikisa matawi kwa fimbo, na utashangaa vilivyoanguka. Usiku, shuka hilo lianike mbele ya taa uwaite nondo. Shika tochi usawa wa macho yako na umulike nyasi: vimulimuli vidogo vya buluu-kijani visivyotikisika ni macho ya buibui wawindaji. Ukiinua jiwe, vuta ukingo wa mbali kuelekea kwako, ili jiwe lenyewe likukinge na kilicho chini kitoke upande wa pili. Kisha lirudishe lilivyokuwa. Hakuna kinachoniudhi kama mawe yaliyopinduliwa na kuachwa juani.

Kwa kila kiumbe piga picha ya juu, ya ubavuni, ya usoni, na ya mahali pote alipo. Weka sarafu kando yake kuonyesha ukubwa, isipokuwa kwa nyoka. Constantine Ionides, aliyeishi Liwale na Newala na kukamata maelfu ya nyoka kusini mwa Tanzania kabla ya kufariki mwaka 1968, alitegemea sana wanakijiji waliomletea habari, na habari yenye faida ni ile inayotaja mti, urefu kutoka ardhini na saa. "Nimemwona wa kijani" haimfikishi mtu popote.

Programu kama iNaturalist, iliyoanza Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2008, itakupa jina la kubahatisha kwa picha na kisha watu halisi watalisahihisha. Itumie, lakini angalia ramani kila mara: ikikupa spishi ya Ulaya kwa mdudu wa Singida, rudi nyuma ukubali jina la ukoo tu. Kwa wadudu wa mazao, afisa ugani wa kata ndiye wa kwanza. Mpelekee na jani lililoliwa. Kwa vingine, Makumbusho ya Taifa ya Kenya na idara ya zuolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana watu wa kuuliza.

Jambo moja la simu. Mwaka 2011 nyoka mwenye pembe, mweusi na manjano, alitangazwa kuwa spishi mpya kutoka msitu mdogo kusini mwa Tanzania, akaitwa kwa jina la Matilda, binti wa mmoja wa waliomgundua. Walificha kwa makusudi mahali hasa alipo, kwa kuwa wafanyabiashara wa wanyama wangefika kabla ya watafiti. Vinyonga wa Usambara wana wateja wa namna hiyo hiyo. Picha ya simu hubeba ramani ndani yake, kwa hiyo zima kitambua-mahali kabla ya kupiga, na kwenye kundi la WhatsApp taja wilaya tu. Mahali hasa paandike katika daftari lako, kwa kalamu isiyofutika kwa mvua.